Bangi ya Zamani, Uongo wa Leo: Jinsi Marekani Inavyompima Anayeomba Kibali cha Usalama

Mtu amepata uraia wa Marekani, ana shahada ya kompyuta, na kampuni moja ya Virginia iko tayari kumwajiri kwa sharti moja: apate kibali cha usalama. Anafungua fomu, anajaza majina ya wazazi, anwani zote alizowahi kuishi, safari za nje, halafu anafika kwenye sehemu ya dawa za kulevya. Anakwama. Chuoni alivuta bangi, si mara moja. Anauliza kwenye grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani, na haichukui muda kabla ya majibu kuanza kumiminika. Mmoja anamwambia asijisumbue, ukishaigusa bangi hiyo kazi si yako tena. Mwingine anacheka: bangi siku hizi inauzwa dukani kama soda, nani atajali? Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye sauti kubwa, anamwambia aandike "hapana" kila mahali, kwani watajuaje?

Wote watatu wamekosea, na huyo wa tatu ndiye anayeweza kumharibia mwenzake maisha.

Tuanze na kibali chenyewe. Kibali cha usalama ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kukabidhiwa taarifa za siri za taifa. Kina ngazi tatu, kuanzia siri za kiwango cha chini hadi Siri Kuu, na juu ya hapo kuna milango mingine ya ndani kwa habari nyeti zaidi za kijasusi. Wenye vibali ni mamilioni, na wengi wao si majasusi hata kidogo. Ni wanajeshi, mafundi wa mitandao, wahandisi, wahasibu, wafasiri, hata mafundi wa mabomba kwenye vituo vya manowari. Kwa kawaida sharti uwe raia wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujiunga na jeshi, lakini kibali kamili hapati mpaka uraia uje.

Huombi kibali mwenyewe kama unavyoomba leseni ya udereva. Mwajiri, yaani jeshi, idara ya serikali au kampuni yenye kandarasi ya serikali, ndiye anayekuingiza kwenye mchakato. Wewe unajaza fomu iitwayo SF-86, ambayo ina kurasa zaidi ya 100 na siku hizi hujazwa kwenye kompyuta. Kisha unafuata upekuzi, au kama Wakenya wanavyosema, unapigwa msasa. Wapekuzi, wengi wao wakiwa chini ya idara ya DCSA iliyokabidhiwa kazi hii Oktoba 2019, huangalia rekodi za polisi, madeni, shule na kazi. Kwa kibali cha juu, hugonga hata milango ya majirani na kuzungumza na marafiki wa zamani. Mpekuzi haamui. Yeye hukusanya na kuandika. Anayeamua ni ofisa mwingine ambaye huenda usimwone maisha yako yote, akisoma jalada lako na kulipima kwa vigezo 13 vilivyoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017.

Vigezo hivyo vina herufi, A hadi M. Vimo vya madeni, pombe, ndugu walioko nje, matumizi mabaya ya kompyuta na kadhalika. Viwili ndivyo vinavyotuhusu hapa. Kigezo H kinahusu dawa za kulevya. Kigezo E kinahusu mwenendo wa mtu, na ndani yake ndimo ulimo uongo. Watu huhofia H, lakini ukisoma hukumu zenyewe zinazotolewa kwa makandarasi, ambazo Wizara ya Ulinzi huzichapisha bila majina ya wahusika, unaona jinsi E inavyoweza kumwangusha mtu ambaye H peke yake ingemwachia.

Sababu si ngumu kwa mtu aliyewahi kuwa kwenye kikao cha posa. Wazee wa upande wa binti hutuma watu kuulizia: huyu kijana ni wa ukoo gani, anafanya kazi gani, ana tabia gani? Wakirudi na habari kwamba zamani alikuwa mnywaji lakini ameacha, wazee watakuna vichwa, watauliza ameacha lini na ameacha kweli, na mara nyingi mambo yataendelea. Lakini wakirudi na habari kwamba ana mke Tanga na watoto wawili, naye alipoulizwa alikula kiapo kwamba hajawahi kuoa, kikao kimevunjika. Si kwa sababu mke wa pili ni haramu kwao. Ni kwa sababu kuanzia dakika hiyo kila neno alilowahi kusema linapaswa kuhakikiwa upya. Kibali cha usalama ni hivyo hivyo, kwa kuwa kazi yote ya mwenye kibali hutegemea neno lake. Atakapokuwa peke yake na nyaraka, hakuna wa kumsimamia. Akipoteza moja, wanategemea aje aseme mwenyewe.

Na ujue mapema kwamba kwenye jambo hili huna haki ya kudai. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Thomas Egan, kibarua kwenye kituo cha Jeshi la Majini cha kutengeneza manowari za Trident huko Bremerton, jimbo la Washington. Jeshi lilimnyima kibali, naye akapoteza kazi. Jalada lake lilikuwa na hukumu za zamani za kushambulia na za kumiliki bunduki, na mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kuwa na tatizo la pombe. Lakini liliongezwa jambo moja: kwenye ombi lake la kazi ya serikali hakutaja hukumu mbili za nyuma zaidi za kubeba silaha yenye risasi. Egan alijitetea kwamba adhabu zake alishazimaliza na kwamba pombe haikuwa tatizo tena kwa miaka mitatu. Mahakama ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupata kibali, na kwamba hukumu ya nani aaminiwe na siri za taifa ni ya wale waliokabidhiwa siri hizo. Hadi leo, shaka ikibaki, inaamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Kwenye kesi ya jinai shaka humfaidi mshtakiwa. Huku ni kinyume.

Sasa bangi na wenzake.

Sehemu ya 23 ya SF-86 inauliza kama katika miaka 7 iliyopita umetumia dawa za kulevya kinyume cha sheria, umezinunua, umeziuza au umezilima. Ukijibu ndiyo, dirisha linafunguka na maswali mapya: dawa gani, mara ya kwanza mwezi gani na mwaka gani, mara ya mwisho lini, ulitumia vipi na mara ngapi, na je, unakusudia kutumia tena? Kama hukumbuki mwezi, kuna kisanduku cha kuweka alama kwamba hilo ni kadirio. Kisanduku hicho kidogo kimewekwa kwa sababu serikali yenyewe inajua kwamba hakuna anayeandika kwenye daftari siku aliyopuliza msokoto kwenye sherehe ya chuo.

Yapo maswali mengine ambayo hayana ukomo wa miaka 7. Umewahi, wakati wowote, kutumia dawa ukiwa tayari na kibali? Au ukiwa askari, mwendesha mashtaka, au kwenye kazi inayogusa usalama wa umma? Umewahi kushauriwa au kuamriwa upate matibabu ya uraibu? Na kwenye sehemu ya 22, inayohusu polisi na mahakama, wanauliza kama umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote linalohusu pombe au dawa za kulevya, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuvuta bangi mwaka wa tisa nyuma huenda hakuulizwi kwenye fomu. Kushtakiwa kwa bangi mwaka huo huo kunaulizwa.

Mwamuzi akishaona "ndiyo", anatazama mambo yanayoeleweka na mtu yeyote. Ni dawa gani? Bangi haipimwi sawa na heroini. Ilikuwa mara mbili ama kila wikendi kwa miaka minne? Ulikuwa na umri gani? Ulitumia tu, au uliuza? Umeacha kwa muda gani, na bado unakaa na wale mliokuwa mkivuta pamoja? Vigezo vyenyewe vinataja njia za kuonyesha kwamba umebadilika: kuachana na kundi hilo, kuhama mazingira, kumaliza matibabu kama ulikuwa na uraibu, au kutia saini tamko kwamba hutatumia tena na kwamba ukitumia unakubali kunyang'anywa kibali. Hakuna idadi ya miezi iliyoandikwa popote kwamba ukiifikisha umepita. Baadhi ya idara zina vipimo vyake vya kuajiri: FBI, kwa mfano, mwaka 2021 ilishusha muda wa kukaa bila bangi kabla ya kuomba kazi kutoka miaka 3 hadi mwaka 1. Lakini hicho ni kipimo cha kazi ya FBI, si cha kibali kwa jumla.

Kwa hiyo yule wa kwanza kwenye grupu, anayesema mara moja basi, amekosea. Desemba 2021 Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, alitoa mwongozo kwa idara zote akifafanua kwamba matumizi ya bangi ya zamani yana uzito lakini si lazima yaamue. Hata aliyewekeza pesa kwenye kampuni ya bangi alitajwa humo: anayenunua hisa za kampuni hiyo moja kwa moja kwa kujua anaweza kuulizwa maswali, tofauti na mwenye mfuko wa uwekezaji wenye hisa mchanganyiko. Walioandika mwongozo huo walijua ulimwengu unabadilika.

Ila mwongozo huo huo haukumpa nafasi wa pili, yule wa "inauzwa dukani". Colorado na Washington zilihalalisha bangi ya starehe mwaka 2012, na leo majimbo yaliyohalalisha, hayo mawili yakiwemo, yamefika 24. Kibali, hata hivyo, ni cha serikali ya shirikisho, na fomu inasema wazi kwamba swali linahusu sheria za shirikisho hata kama jimbo lako limeruhusu. Mfano maarufu ni wa Elon Musk, ambaye kampuni yake ya SpaceX hurusha setilaiti za serikali. Septemba 2018 alivuta bangi mbele ya kamera kwenye kipindi cha Joe Rogan huko California, ambako ilikuwa halali kwa sheria ya jimbo. Baadaye alisema mwenyewe kwamba ilibidi apimwe dawa za kulevya kwa kushtukizwa kwa muda wa mwaka mzima. Kama tajiri wa kiasi kile hakuweza kujibu kwamba "hapa California inaruhusiwa", fundi wa mitandao kutoka Morogoro asitegemee jibu hilo.

Anayetumia sasa hivi hana hata nafasi ya kujieleza. Sheria ya mwaka 2008, inayojulikana kwa jina la Seneta Bond, inakataza idara yoyote kumpa au kumwongezea kibali mtu ambaye kwa sasa anatumia dawa zilizopigwa marufuku au ni mraibu. Na kile kiswali cha mwisho, je, unakusudia kutumia tena, si cha kujazia nafasi. Kuna watu walijibu kwa uaminifu kabisa kwamba wataendelea wakipata nafasi. Uaminifu wao ulithaminiwa, na kibali hawakupata.

Usisahau vidonge. Mwanafunzi anayeomba kidonge cha rafiki yake cha kumsaidia kukaza fikra usiku wa kuamkia mtihani, bila cheti cha daktari, ametumia dawa kinyume cha maelekezo, na fomu ina swali lake peke yake. Wengi hulipita kwa sababu hawakuwahi kuliona jambo hilo kuwa ni dawa za kulevya.

Twende kwa wa tatu, mshauri wa "hapana".

Tofauti kubwa kati ya bangi na uongo iko kwenye kalenda. Bangi inahesabiwa kuanzia siku ulipovuta mara ya mwisho, na kila mwezi unaopita inazidi kuwa mbali. Uongo unahesabiwa kuanzia siku ulipotia saini. Chukua kijana wa kufikirika aliyevuta mara tano akiwa na miaka 20, akaacha, akajaza fomu akiwa na miaka 24. Angesema kweli, mwamuzi angekuwa na jambo la ujana la miaka minne nyuma. Akaandika hapana. Sasa ana jambo la utu uzima, la mwaka huu, kwenye karatasi rasmi yenye onyo juu ya saini kwamba kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka 5. Amebadilisha kosa dogo linalozeeka kwa kosa kubwa jipya.

Na mambo hayaishii hapo. Miaka miwili baadaye yuko kazini, amefanya vizuri, bosi anataka apandishwe hadi Siri Kuu. Fomu inarudi. Akisema kweli safari hii, jibu la sasa linaonyesha kwamba la kwanza lilikuwa la uongo. Akirudia uongo, ana mawili, tena la pili amelitia saini akiwa mtu mzima mwenye kibali mkononi. Wengi wanaofika kwenye usikilizaji wa kesi za kigezo E walifika kwa njia hii, hawakukamatwa na jasusi. Walikamatwa na maneno yao wenyewe, fomu mbili zikiwekwa kando kwa kando mezani.

"Watajuaje?" ina majibu mengi. Rafiki wa chuo anahojiwa na anadhani wewe ulishasema. Mke mliyeachana naye anahojiwa. Daktari aliandika kwenye jalada la zamani. Uliomba kazi ya polisi wa kaunti mwaka fulani ukakiri kule. Kwa baadhi ya idara za ujasusi kuna kipimo cha mashine ya kubaini uongo, ambacho wanasayansi wanakitilia shaka sana, lakini kinachowaangusha watu humo mara nyingi si sindano za mashine. Ni mtu kuingia chumbani, kuingiwa na hofu, na kuanza kusema aliyoyaficha kwenye fomu. Zaidi ya hapo, ule utaratibu wa kumrudia mtu kila baada ya miaka 5 au 10 umekuwa ukibadilishwa na upekuzi endelevu, ambapo kompyuta huchungulia rekodi za polisi na za mikopo mwaka mzima.

Kuna sababu nyingine inayowafanya wachukie siri kuliko kosa. Anayeficha kitu anaweza kushikwa kwa kitu hicho. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameiba kutoka ofisi yake ya utumishi taarifa za upekuzi za watu milioni 21.5, zikiwemo zile fomu zenyewe. Fikiria jalada la aliyeandika kwamba alitumia kokeini mwaka 2009 na mkewe, mwajiri na serikali wote wanajua. Mdukuzi hana la kumtishia nalo. Anayeweza kutishwa ni yule ambaye kuna mtu mmoja tu mahali fulani anayejua kwamba fomu yake inasema hapana na ukweli ni ndiyo.

Kusahau si kudanganya. Kigezo kinazungumzia kuficha kwa makusudi. Aliyekosea mwaka, au aliyepitiwa na tukio moja dogo kati ya mengi aliyoyataja, hawekwi kundi moja na aliyefuta ukurasa mzima. Tatizo ni kwamba "nilisahau" ndilo neno ambalo kila aliyedanganya hulikimbilia, kwa hiyo mwamuzi hulipima kwa yanayolizunguka. Ulisahau kukamatwa kwako lakini ukakumbuka namba ya nyumba uliyopanga miezi mitatu mwaka 2013?

Aliyeshatia saini uongo naye hajafungiwa mlango kabisa. Vigezo vinampa nafuu anayesahihisha haraka na kwa nia njema kabla hajawekewa ushahidi mbele ya uso. Neno kabla ndilo lenye uzito wote. Ukimpigia ofisa usalama wa kampuni yako wiki inayofuata na kusema niliacha jambo fulani, hiyo ni nafuu. Ukisubiri mahojiano, mpekuzi akufungulie karatasi, halafu useme "ndiyo, hilo nilitaka kulitaja", umechelewa. Kuna nafuu pia kwa aliyepotoshwa na wakili au mtu ambaye kazi yake ni kushauri juu ya mambo ya usalama. Vijana hudhani ofisa wa kuandikisha jeshini aliyewaambia "usiliandike hilo, litachelewesha mambo" atawaokoa. Mkono uliosaini ni wako, na ofisa huyo akiulizwa, sidhani kama atakumbuka.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna kona mbili ambazo maelezo ya Kimarekani hayazigusi.

Ya kwanza ni miraa, au mirungi. Kenya ni zao linalotambuliwa na sheria, na Meru limesomesha watoto wengi. Tanzania ni dawa ya kulevya, na mamlaka huteketeza mashamba yake. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Marekani mmea wenyewe si maarufu, lakini kathinoni, kemikali iliyomo kwenye majani mabichi, imewekwa tangu 1993 kwenye daraja moja na heroini. Raia wa Marekani anayetafuna sebuleni Minneapolis hana mjadala, hiyo ni dawa iliyopigwa marufuku. Lakini je, aliyekwenda likizo mjini Maua, huko Meru, akatafuna na binamu zake mbele ya kituo cha polisi, bila kuvunja sheria yoyote ya pale? Maneno ya fomu yanahusu matumizi yaliyo haramu kwa sheria za shirikisho, na wanasheria wanaweza kubishana iwapo sheria hizo zinakufuata hadi Maua. Mimi ningemuuliza wakili wa mambo haya kabla ya kutia saini, na kama wakili hayupo, ningelitaja na kulieleza kwa mistari miwili: wapi, lini, na kwamba pale ni halali. Mwamuzi akiona si kitu, ataliruka. Na kama una kibali tayari, iache miraa hata ukiwa likizo. Matumizi ya dawa ukiwa na kibali ndiyo yanayosameheka kwa shida kuliko yote.

Ya pili ni msako. Wengi waliokulia Nairobi au Dar wamewahi kukumbwa kijiweni, wakarushwa nyuma ya gari la polisi, wakalala kituoni, asubuhi mjomba akaja, mambo yakamalizwa "kiutu uzima". Hakuna jalada, hakuna mahakama, hakuna risiti. Fomu inauliza kama katika miaka 7 umekamatwa na polisi au askari wa aina yoyote. Haiulizi kama polisi waliandika. Na ukiingia mahakamani kokote duniani, Kibera au Kisutu, inahesabika kama mahakama ya Texas. Eleza lilivyokuwa. Wapekuzi wamesikia makubwa zaidi kuliko msako wa Jumamosi.

Kuhusu kesi zilizofutwa, wakili wa jinai anaweza kukuambia, na kwa mambo mengine akawa sahihi, kwamba kesi iliyofutwa kwenye rekodi ni kama haikuwahi kutokea. Kwenye SF-86 ilitokea. Maelekezo yanasema uitaje hata kama jalada lilifungwa au kufutwa, isipokuwa aina moja nyembamba ya hukumu za dawa za kulevya za shirikisho zilizofutwa kwa amri maalumu ya mahakama. Na hofu kwamba ukikiri kuvuta utafunguliwa mashtaka haina msingi mkubwa. Sehemu ya 23 yenyewe inaahidi kwamba majibu ya kweli kuhusu matumizi hayo hayatatumika kama ushahidi dhidi yako kwenye kesi ya jinai. Ahadi hiyo inalinda ukweli peke yake.

Mambo yakienda vibaya, hupokei barua ya "pole" tu. Unapewa hati inayoorodhesha sababu, kila moja na herufi ya kigezo chake. Mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi ya Wizara ya Ulinzi ana siku 20 za kujibu, kukiri au kukana kila kipengele, na anaweza kuomba kusikilizwa mbele ya jaji wa utawala wa ofisi iitwayo DOHA. Anaweza kuleta wakili, mashahidi, barua za wakubwa wake wa kazi, matokeo ya vipimo. Majaji hawa husoma uso pia. Anayefika na kusema "nilivuta, nikaogopa kupoteza kazi, nikadanganya, hii hapa tarehe niliyosahihisha" ana nafasi. Anayefika na maelezo ya tatu tofauti kuhusu jambo lile lile anaimaliza kesi yake mwenyewe. Akishindwa anaweza kukata rufaa, na rufaa ikishindikana, husubiri walau mwaka kabla ya kuombewa tena. Mwaka huo ukiisha, mwajiri akikubali kumdhamini upya, fomu inafunguliwa kuanzia ukurasa wa kwanza, na kwenye sehemu ya 25 kuna swali ambalo safari iliyopita halikumhusu: umewahi kunyimwa kibali?